Wasomaji Wanauliza: Siku Chache Katika Mji wa Praha

Barua kadhaa zilizotufikia safari hii hapa Mbeya zinauliza habari za mji mmoja, nao ni Praha, mji mkuu wa Ucheki. Mmoja wa waulizaji anakwenda na kwaya, mwingine anakwenda kusoma, mwingine anamfuata mumewe, lakini wote wanataka kujua namna ya kuutazama mji huo wa kale bila kuzipoteza siku zao wala fedha zao. Kwa kuwa maswali yanakaribiana, nimeona niyajibu pamoja, nikiwaomba wasomaji wengine wenye safari kama hizo wasome majibu yote, maana jibu la mmoja linaweza kumfaa mwenzake.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu, na ni mwimbaji wa kwaya ya usharika wetu wa Moravian hapa Tukuyu. Tumealikwa na usharika rafiki ulio karibu na Herrnhut, Ujerumani, lakini ndege yetu itatua Praha, na tutakaa hapo siku tatu kabla ya kuendelea. Baadhi ya wenzangu wanafikiria maduka tu. Mimi nimesikia kwamba chimbuko la kanisa letu liko huko Ucheki. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, tutazame nini na tuanzie wapi? – Mwalimu, Tukuyu

JIBU: Mwalimu, uliyoyasikia ni kweli, na ushauri wangu ni kwamba siku ya kwanza yote muitenge kwa ajili ya jambo hilo. Watu wengi wa huku kwetu wanaifahamu Herrnhut kwa sababu wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa kutoka huko. Hata hivyo, Herrnhut yenyewe ilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani waliotoka Moravia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ucheki, na miongoni mwao walikuwamo mabaki ya Umoja wa Ndugu, kanisa lililoundwa mwaka 1457 na watu walioyashika mafundisho ya Jan Hus, padri wa Kicheki aliyedai matengenezo ya kanisa. Hus mwenyewe alihubiri Praha, na mahali alipohubiri pangalipo.

Anzeni, basi, katika Kanisa dogo la Bethlehemu, ambalo wenyeji huliita Betlémská kaple, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Uwanja wa Mji Mkongwe. Lilianzishwa mwaka 1391 ili watu wahubiriwe kwa Kicheki, lugha yao, badala ya Kilatini ambacho mtu wa kawaida hakukielewa, na Hus aliishika mimbari yake tangu mwaka 1402 hadi mwaka 1412. Inaelezwa kwamba liliweza kuchukua watu wapatao 3,000. Msitarajie dhahabu wala sanamu, kwa maana ndani mna kuta nyeupe, dari ya mbao, mimbari iliyoinuliwa ukutani, na kisima ambacho watu wa mtaa walikuwa wakichota maji humohumo kanisani. Sehemu kubwa ya jengo mtakaloliona ni ya miaka ya 1950, kwa kuwa lile la kwanza lilibomolewa mwaka 1786, lakini mafundi waliolijenga upya waliyahifadhi mabaki ya kuta za zamani, na bado mnaweza kuona vipande vya maandishi ya kale vilivyosalia juu yake. Siku hizi jengo liko chini ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Ucheki, ambacho hufanyia humo mahafali yake, kwa hiyo ulizeni mapema saa za kufunguliwa. Kama mtapata ruhusa ya mhudumu, imbeni ubeti mmoja. Sidhani kama iko sehemu nyingine mjini humo ambapo kwaya kutoka Rungwe ingekuwa na haki zaidi ya kuimba.

Kutoka hapo nendeni Uwanja wa Mji Mkongwe. Katikati yake limesimama kundi kubwa la sanamu za shaba nyeusi, na Hus yuko katikati, mrefu, amefunikwa joho. Kumbukumbu hiyo ilizinduliwa Julai 6, 1915, miaka 500 kamili tangu alipochomwa moto mjini Konstanz, alikokwenda kujieleza mbele ya Mtaguso, yaani baraza kuu la kanisa, akiwa na hati ya Mfalme Sigismund ya kumhakikishia usalama. Julai 6 ni sikukuu ya taifa huko Ucheki mpaka leo. Jueni pia kwamba jeraha hilo limeshughulikiwa na pande zote mbili: mwaka 1999 Papa Yohane Paulo II alitamka hadharani majuto yake kwa kifo cha kikatili alichouawa Hus.

Kisha sogeeni hadi kwenye ukuta wa mashariki wa Jumba la Baraza la Mji na muangalie chini. Humo sakafuni mtaona misalaba 27 myeupe iliyotengenezwa kwa mawe madogo. Watalii huikanyaga wakikimbilia kuitazama saa ya kale iliyo kwenye jumba hilo, na wengi hawaulizi ni ya nini. Ni ya watu 27, mabwana, makabaila na watu wa mjini, waliouawa hapo Juni 21, 1621, baada ya upande wa Waprotestanti kushindwa katika vita vya Mlima Mweupe mwezi Novemba mwaka uliotangulia, na vichwa vya kumi na wawili kati yao vilitundikwa kwa miaka kumi kwenye mnara wa Daraja la Charles ili kila apitaye avione. Inueni macho sasa mtazame minara miwili ya Kanisa la Týn, ng'ambo ya uwanja. Hilo lilikuwa kanisa kuu la wafuasi wa Hus, na mbele yake palikuwa na kikombe cha dhahabu, alama yao, kwa sababu walidai kwamba muumini wa kawaida naye anastahili kukinywea kikombe cha Meza ya Bwana, na si padri peke yake. Baada ya kushindwa huko kikombe kiliteremshwa, na mahali pake pakawekwa sanamu ya Bikira Maria. Mkitaka kuona mahali ambapo waumini walipewa kikombe kwa mara ya kwanza, mwaka 1414, litafuteni kanisa dogo la Mtakatifu Martin Ukutani, lililobanwa katikati ya mitaa ya maduka, na kwa kuwa wenzako wanataka maduka, njia yenu itakuwa moja.

Wewe ukiwa mwalimu, nakuomba ulikumbuke jina la Jan Amos Komenský, aliyekuja kuwa askofu wa Umoja wa Ndugu. Alilazimika kuihama nchi yake mwaka 1628, akazunguka Ulaya akifundisha na kuandika, na mwaka 1658 akachapisha kitabu cha picha cha kuwafundishia watoto lugha, wakati ambapo watoto wengi walifundishwa kwa kukariri na kwa fimbo. Siku yake ya kuzaliwa, Machi 28, ndiyo Siku ya Walimu huko Ucheki. Kuna makumbusho yenye jina lake katika mtaa wa Malá Strana, chini ya Ngome ya Praha.

Siku ya pili amkeni alfajiri. Sisemi hivyo kama mapambo ya maneno. Daraja la Charles, lililoanza kujengwa mwaka 1357 kwa amri ya Mfalme Charles IV, lina urefu wa mita 516 na sanamu 30 kandokando, na ifikapo saa nne asubuhi watu hubanana juu yake hata usiweze kusimama mahali pamoja. Saa kumi na mbili asubuhi mtakuwa ninyi, mto Vltava, na wafagiaji. Itafuteni sanamu ya Yohane wa Nepomuk, padri aliyetupwa mtoni mwaka 1393 kwa amri ya mfalme: chini yake kuna vibao viwili vya shaba, na sehemu zinazoguswa na wapita njia zinang'aa kama dhahabu wakati zilizobaki zimekuwa nyeusi. Mkivuka mtakuwa chini ya Ngome ya Praha, ambayo nimeieleza katika jibu linalofuata.

Siku ya tatu msijaze ratiba. Kwaya ya watu wengi huchoka, na mji huu hauonekani kwa kukimbia. Kwenda Herrnhut mtapanda treni hadi Dresden, halafu treni nyingine hadi Löbau, na kutoka hapo basi. Viza yenu ya Schengen, ambayo ni ya pamoja kwa nchi nyingi za Ulaya, inawatosha kwa nchi zote mbili. Mkifika, msiondoke bila kutembelea makaburi yao, yanayoitwa Shamba la Mungu, ambamo mawe yote yamelazwa chini kwa kipimo kinachofanana, tajiri na maskini.

SWALI: Mheshimiwa, mimi ni mstaafu wa miaka 71, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa fundi saa hapa Njombe mjini. Kijana wangu anayefanya kazi Praha amenialika, na amenitumia picha ya saa ya kale iliyoko ukutani. Ningependa sana kuiona. Tatizo ni magoti, maana nimeambiwa mji wote ni vilima na mawe. Je, nitaweza? – Mzee, Njombe

JIBU: Shikamoo Mzee. Utaweza, na nafurahi kwamba swali la saa hiyo limetoka kwa fundi, kwa kuwa wengi wanaokwenda kuitazama wanasubiri sanamu tu.

Saa hiyo, wanayoiita Orloj, ilitengenezwa mwaka 1410 na fundi Mikuláš wa Kadaň, akisaidiwa, kama inavyoaminika, na mtaalamu wa nyota wa Chuo Kikuu aliyeitwa Jan Šindel. Hakuna saa ya falaki, yaani inayoonyesha mwendo wa jua, mwezi na nyota, ya kale kuliko hiyo inayofanya kazi hadi sasa. Kila saa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano usiku, kiunzi cha mifupa huvuta kamba ya kengele na kuigeuza glasi ya mchanga, mitume hupita madirishani, na mwisho jogoo huwika. Kituko hicho huisha upesi, na umati hutawanyika. Wewe usiondoke. Subiri watu waishe, kisha usogee karibu, kwa maana kazi ya fundi iko kwenye uso wa saa wenyewe.

Nyuma ya uso huo kuna magurudumu makubwa matatu yanayokaa kwenye mhimili mmoja, nayo awali yaliendeshwa na gurudumu dogo moja lenye meno 24. La kwanza lina meno 365, nalo huzungusha duara la nyota. La pili lina meno 366, nalo hulipeleka jua. La tatu lina meno 379, nalo huupeleka mwezi. Wewe utaelewa mara moja kabla sijamaliza sentensi: lenye meno mengi huchelewa, kwa hiyo mwezi huachwa nyuma na jua karibu dakika hamsini kila siku, kama unavyoachwa kweli huko juu angani, na duara la nyota hulitangulia jua kwa mzunguko mmoja mzima kila mwaka. Watu walipiga hesabu hiyo na kuichonga katika chuma miaka zaidi ya 600 iliyopita. Tangu miaka ya 1860 mwendo wake umekuwa ukisimamiwa na saa nyingine ndogo yenye uhakika zaidi, iliyotengenezwa na fundi Romuald Božek, lakini kazi ya kale bado imo.

Jambo jingine litakalokupendeza ni ule mzingo wa nje wenye tarakimu za kale za dhahabu. Huo unahesabu saa kuanzia jua linapotua, kama sisi tunavyouanza usiku wetu jua likizama, ila wao walikwenda mfululizo hadi 24 bila kuanza upya asubuhi. Kwa kuwa jua la kwao hutua saa tofauti sana kiangazi na kipupwe, mzingo huo husogea mbele na nyuma polepole mwaka mzima. Usiamini hadithi ya fundi aliyepofushwa macho ili asitengeneze nyingine. Waongozaji wanaipenda, lakini watafiti walikwishaonyesha kwamba si kweli.

Kuhusu magoti, mnara wa Jumba hilohilo la Baraza una lifti, nao una urefu wa karibu mita 70, kwa hiyo utauona mji wote bila ngazi nyingi. Kwenda Ngome ya Praha usikubali kupandishwa kwa miguu kutoka darajani. Mwambie kijana akupandishe tramu namba 22 hadi kituo kiitwacho Pražský hrad, ambako mtatembea mwendo mfupi ulio karibu kuwa tambarare na kuingia kwa lango la kaskazini. Ngome hiyo ilianza katika karne ya 9, eneo lake linakaribia mita za mraba 70,000, na mpaka leo ndiyo makao rasmi ya Rais. Ndani yake kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus, lililoanza kujengwa mwaka 1344 na kukamilika mwaka 1929. Tafuta kikanisa cha Mtakatifu Wenceslas, ambacho kuta zake zimepambwa kwa vito, na ambamo kuna mlango wenye kufuli saba unaoelekea kwenye chumba cha taji la wafalme. Funguo zake saba zimegawanywa kwa watu saba tofauti.

Katika Kasri la Kale la Kifalme kuna Ukumbi wa Vladislav, ambao ni mkubwa kiasi kwamba mashujaa walikuwa wakishindana humo wakiwa juu ya farasi. Karibu yake ndipo lilipo dirisha ambalo Mei 23, 1618 mabwana wa Kiprotestanti waliwatupa nje maofisa wawili wa mfalme pamoja na karani wao. Wote watatu walipona, lakini vita vilivyofuata vilidumu miaka 30. Kurudi, Mzee wangu, panda tramu ileile. Usishuke kwa ngazi za mawe hata kama vijana watakuambia ni karibu.

SWALI: Habari Mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa hapa Iringa, na nimepata nafasi ya kusoma muhula mmoja Praha. Fedha yangu ni ya kujikimu tu, kwa hiyo nataka kujua vitu vya kuona bila malipo. Jambo la pili linanisumbua zaidi. Nimesoma kwamba kuna makaburi ya kale ya Wayahudi ambayo watalii hulipa kiingilio kuyaona. Kwetu sisi Wahehe makaburini hapaendwi kwa matembezi. Je, ni sawa kwenda? – Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Kwa habari ya fedha usihofu, kwa kuwa vitu vizuri vya Praha kwa kiasi kikubwa viko nje, na vya nje havina tiketi. Daraja, viwanja na nyua za ngome ni bure. Panda pia Vyšehrad, kilima chenye ngome kongwe juu ya mto, ambako wamezikwa watunzi wa muziki Dvořák na Smetana, nawe utakuta wenyeji wengi kuliko wageni. Bustani ya Letná ina mahali ambapo madaraja kadhaa yanaonekana yakiwa yamepangana. Chuo Kikuu cha Charles kilianzishwa mwaka 1348, na jengo lake la kale, Karolinum, limesimama mpaka leo. Kwa kuwa una muhula mzima, chagua mtaa mmoja kila juma uutembee taratibu. Usifanye kama watalii wa siku mbili, na usikubali kila Jumamosi kubebwa kwenda Vienna au Budapest kabla hujaujua mji unamolala.

Sasa swali lako la pili, ambalo nimelifikiria sana. Makaburi hayo, yaliyo katika mtaa wa Josefov, yalitumika tangu karne ya 15 hadi mwaka 1787. Wayahudi walibanwa katika eneo dogo, na sheria ya dini yao inakataza kuwafukua wafu, kwa hiyo nafasi ilipokwisha walimwaga udongo mpya juu na kuzika tena, tabaka juu ya tabaka, huku wakiyainua mawe ya zamani pamoja na mapya. Ndiyo sababu leo utayaona mawe yapatayo 12,000 yamesongamana, yameinama, mengine yameegemeana. Juu ya kaburi la Rabi Löw, aliyefariki mwaka 1609, watu huweka vijiwe vidogo kama ishara ya heshima.

Kabla ya kufika hapo utapita katika Sinagogi ya Pinkas. Kuta zake zote zimeandikwa kwa mkono majina ya Wayahudi wa Bohemia na Moravia, maeneo ya Ucheki ya leo, waliouawa na utawala wa Wanazi, karibu watu 80,000, jina la ukoo kwa rangi nyekundu, kisha majina ya watu na tarehe, mstari baada ya mstari, hadi karibu na dari. Ukisimama karibu, unaona kwamba baada ya jina moja la ukoo hufuata baba, mama na watoto. Ghorofani kuna michoro ya watoto waliokuwa wamefungiwa Terezín, kambi ya Wanazi. Kiingilio huenda kwa Makumbusho ya Kiyahudi, ambayo tangu mwaka 1994 yamerudi mikononi mwa Wayahudi wenyewe.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba uende, kwa sababu wenye wafu wamewakaribisha wageni ili majina hayo yasomwe. Wewe wa Iringa unakujua Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na unajua kwamba mgeni anayeingia pale kwa adabu hamchukizi mtu, ila anayeingia kwa kelele huchukiza. Nenda asubuhi, funika kichwa kama wewe ni mwanamume, zima simu, usitoke kwenye njia iliyowekwa. Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi pamefungwa.

SWALI: Mume wangu yuko Praha kikazi, nami nitamfuata mwezi wa Desemba pamoja na watoto wetu wawili, wa miaka minane na kumi na mmoja, shule zikifungwa. Nahofia baridi, na nahofia watoto kuchoshwa na majengo. – Mama, Mbeya

JIBU: Mama, baridi ni ya kweli. Sisi tuliozoea asubuhi za Juni hapa Mbeya, au hata za Makete ambako umande huganda, tuna mwanzo mzuri, lakini kule jotoridi huwa karibu na sifuri mchana kutwa, na jua hutua saa kumi jioni. Tafuteni makoti mazito kabla hamjaondoka. Pale Mwanjelwa, ukichagua kwa subira katika mitumba, utapata koti la manyoya ya ndani lililoshonwa kwa ajili ya Ulaya hiyohiyo kwa bei nafuu sana kuliko mpya la huko. Muhimu kuliko koti ni viatu: viwe vya soli nene isiyoteleza, kwa kuwa barabara za mji mkongwe ni za mawe, na yakilowa yanateleza. Fahamu pia kwamba ndani ya makanisa ya kale baridi ni ileile ya nje.

Kuhusu kuchoka, Desemba ni mwezi wa watoto. Kama mtawahi, jioni ya Desemba 5 watu huvaa kama Mtakatifu Nikolao, malaika na shetani mwenye minyororo, wakapita mitaani wakiwauliza watoto kama walikuwa watiifu. Mwandae mdogo mapema asije akaogopa. Uwanja wa Mji Mkongwe hujaa vibanda vya Krismasi na mti mkubwa wenye taa. Siku chache kabla ya Krismasi utaona mabeseni makubwa ya maji barabarani, yamejaa samaki aina ya kapu walio hai. Wacheki huwala usiku wa mkesha, na muuzaji humvua samaki unayemchagua, humpima na kumchinja hapohapo kama utataka. Watoto wetu waliozoea soko watasimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya kanisa lolote.

Kuna pia maonyesho ya vikaragosi vya mbao vinavyoendeshwa kwa nyuzi, sanaa ya Wacheki na Waslovakia ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Hakuna haja ya kujua lugha. Kuhusu ule mkate mtamu unaochomwa kwenye kijiti, unaouzwa kila kona kama chakula cha kale cha Praha, wanunulieni mara moja, lakini wenyeji watakuambia kwamba umeingia mjini siku hizi tu. Chakula chao hasa ni nyama yenye mchuzi mzito inayoliwa na knedlíky, vipande laini vya unga uliochemshwa, vinavyochovywa katika mchuzi kwa namna ambayo mlaji wa ugali hahitaji kufundishwa. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida sana, hivyo asiyeila aulize kwanza. Maji ya bomba ni salama kunywa.

SWALI: Naomba maelezo mafupi ya viza, usafiri na usalama wa fedha. – Msomaji, Mafinga

JIBU: Ucheki imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza ya matembezi ni ile ya kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na sheria inataka yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla, lakini kwa mtu wa Mafinga anayehitaji kusafiri hadi mjini kwa ajili ya alama za vidole, siku 15 ni kujitafutia shida. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Tanzania. Wengi hupitia Doha, Dubai au Istanbul, na anayeondokea Songwe aache nafasi ya kutosha Dar es Salaam, kwa sababu ndege ya ndani ikichelewa ile ya nje haimsubiri.

Kutoka uwanja wa ndege kuna basi la umeme, namba 59, linalokufikisha kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Nádraží Veleslavín. Tiketi moja hutumika katika treni hiyo, tramu na basi kwa muda ulioandikwa, lakini ile ya karatasi ni lazima uigonge muhuri kwenye mashine ndogo unapoanza safari. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na hawapokei maelezo ya mgeni. Wezi wa mifukoni hupenda tramu namba 22, darajani, na chini ya ile saa wakati watu wote wameinua vichwa. Pasipoti na fedha zikae ndani ya nguo, kifuani.

Fedha ya huko ni koruna, si yuro, ingawa baadhi ya maduka hupokea yuro kwa kiwango kinachomuumiza mnunuzi. Usibadilishe fedha na mtu wa barabarani kwa hali yoyote. Katika maduka ya kubadilishia, bango la kwamba hawatozi ada halina maana. Muulize mhudumu utapewa koruna ngapi mkononi kwa kiasi ulicho nacho, kabla hujampa noti. Ukigundua umepunjwa, sheria iliyoanza mwaka 2019 inakuruhusu kurudi ndani ya saa tatu na kulifuta badilishano la fedha taslimu lisilozidi thamani ya yuro 1,000, mradi uwe na risiti. Iombe risiti hiyo dirishani kabla ya kuondoka, na uihesabu fedha ukiwa bado umesimama hapo.